Mwongozo Kamili wa Kukutana na Wanyama Wengine Ukiwa Dunguni Kuwinda Kulungu

Mwindaji wa kulungu wa mkia mweupe katika misitu ya Minnesota, Wisconsin, Michigan, Pennsylvania au Kentucky hupanda dunguni, yaani kwenye jukwaa la kukalia lililofungwa mtini, kabla ya mapambazuko, mita nne hadi sita juu ya ardhi, akakaa kimya kwa saa nyingi akimsubiri mnyama mmoja tu. Katika saa hizo msitu humpitishia wengine wengi: kindi, bata mzinga, nungunungu, koyote (mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na bweha), bundi, na pengine dubu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walioweka makazi Marekani, ambao wengi wao ndio kwanza wanachukua leseni ya kuwinda, na ambao baadhi yao wametoka Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, hivyo hawakupata kurithi ujuzi huu kutoka kwa wazazi wao.

Aliyekulia jirani na nyati na tembo huingia katika msitu wa Marekani akiwa na hofu ya wanyama wakubwa, na hofu hiyo ina heshima yake. Dunguni, hata hivyo, jambo linalowaumiza na kuwaua wawindaji zaidi ni kuanguka, na mnyama huweza kuwa sababu tu ya kuanguka huko: nyigu anayemchoma mtu akiwa ngazini, bundi anayempiga kofia, au dubu anayemfanya asimame ghafla bila kujishika. Kwa sababu hiyo napanga mambo yote yanayofuata kwa utaratibu mmoja, nao ni kwamba mkanda wa usalama uwe umefungwa, kisha mnyama atambuliwe ni nani, ndipo mtu aamue kama kuna lolote la kufanya. Mara nyingi uamuzi sahihi ni kutofanya kitu.

Hatua ya kwanza: fahamu leseni yako inaruhusu nini

Leseni ya kulungu ni ya kulungu peke yake. Bata mzinga wa mwituni ana leseni na msimu wake, dubu vivyo hivyo, na elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huwindwa na wachache wanaobahatika katika droo ya jimbo. Koyote katika majimbo mengi huruhusiwa kuwindwa mwaka mzima, lakini masharti ya silaha, ya saa na ya mavazi hutofautiana kutoka jimbo moja hadi jingine, na wakati mwingine hubadilika katika majuma ya msimu wa kulungu wa bunduki.

Wapo pia wanyama ambao hupaswi kuwagusa kabisa. Ndege wa mawindo, yaani bundi, mwewe na vipanga, wanalindwa na sheria ya shirikisho ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na tai mwenye kichwa cheupe ana sheria yake ya tangu 1940. Mbwa-mwitu wa kijivu wa eneo la Maziwa Makuu ya Marekani walirudishiwa ulinzi wa shirikisho kwa hukumu ya mahakama ya Februari 2022. Suala lao limekuwa likibishaniwa kwa miaka mingi mahakamani na bungeni, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mwaka usome upya kitabu cha kanuni kinachotolewa na idara ya wanyamapori au ya maliasili ya jimbo lako, badala ya kutegemea ulichosikia kwa rafiki msimu uliopita.

Ukiwa katika kusoma huko, tafuta mambo matatu mahususi: iwapo mwenye upinde anaruhusiwa kubeba bastola ya kujilinda, iwapo kuweka chambo cha mahindi kunaruhusiwa (Minnesota, kwa mfano, inakataza chambo kwa kulungu), na taarifa itolewe kwa nani mtu anapolazimika kumuua mnyama ili kuokoa maisha yake. Namba ya simu ya askari wa wanyamapori wa eneo lako iwe tayari ndani ya simu kabla hujaingia msituni. Kuhusu chambo naongeza maoni yangu: hata pale kinaporuhusiwa, rundo la mahindi chini ya dungu huwaita dubu na rakuni (mnyama mdogo wa usiku mwenye alama nyeusi machoni) sawasawa na linavyomwita kulungu, na mwindaji mgeni hana haja ya kujiongezea wageni hao.

Hatua ya pili: kagua dungu mchana, majuma kadhaa kabla ya msimu

Dungu lililoachwa msituni tangu mwaka jana si tupu. Nenda ukalitazame mwezi Agosti au mwanzoni mwa Septemba, mchana, ukiwa na mwenzako, na kabla ya kukanyaga ngazi simama chini uangalie kwa darubini kwa dakika kadhaa. Nyigu hujenga chini ya kiti na ndani ya mabomba ya chuma yaliyo wazi. Ukiwaona wakiingia na kutoka mahali pamoja, usipande. Mavu weusi wenye uso mweupe hutundika kiota cha kijivu kinachofanana na karatasi, kikubwa kuliko kichwa cha mtu, nao hutoka kwa pamoja mti unapotikiswa. Dawa ya kuulia nyigu inayorushwa kutoka mbali hufaa zaidi jioni, wakati wengi wamo kiotani, na asipulize mtu aliye juu ya ngazi. Baridi kali ya vuli huwamaliza wafanyakazi wa kiota chenyewe, kwa hiyo anayewinda Novemba anaweza kusubiri, ilhali mwenye upinde anayeanza Septemba hana nafasi hiyo. Ukijua kuwa mwili wako huvimba vibaya kwa kuchomwa, usiende bila sindano ya epinefrini uliyoandikiwa na daktari.

Kisha tazama mikanda inayolifunga dungu kwenye mti. Kindi huitafuna, na nungunungu wa Amerika, ambaye hupanda miti kwa ustadi, hupenda chumvi ya jasho lililobaki kwenye viti na mishikio na gundi iliyomo katika mbao za plaiwudi. Mkanda uliotafunwa hata kidogo haurekebishwi, unatupwa na kuwekwa mpya, na mingine yote, hata ile inayoonekana mizima, ibadilishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji kwa sababu jua na maji huidhoofisha.

Madungu ya kibanda, yenye kuta na paa, yana tatizo lake. Panya hulala humo, na rakuni huweza kuyageuza choo. Mavi ya panya katika sehemu fulani za Marekani hubeba virusi vya hanta, na mavi ya rakuni huwa na mayai ya minyoo inayoweza kumdhuru binadamu vibaya, kwa hiyo usifagie vumbi kavu. Fungua mlango hewa ipite, vaa glavu na barakoa, lowesha uchafu wa panya kwa maji yenye dawa ya klorini, subiri dakika tano, ndipo uufute kwa karatasi na kuutupa. Mavi ya rakuni yazoe kwa koleo yakiwa yamelowa, kisha umwagie pale maji yanayochemka, kwa kuwa klorini haiui mayai hayo.

Hatua ya tatu: beba vitu vitakavyokufaa mnyama akitokea

Kitu cha kwanza ni mkanda wa usalama wa mwili mzima, ukiunganishwa na kamba ya kuteleza inayoshuka kutoka juu ya dungu hadi chini ya ngazi, ili uwe umefungwa tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi. Mkanda uwe na utepe wa kukanyagia, maana mtu aliyeanguka akabaki ananing'inia damu humjaa miguuni, na kuning'inia kwa muda mrefu bila kukanyaga chochote kunaweza kumuua ingawa hakugusa chini. Bunduki au upinde huvutwa juu kwa kamba ukiwa umeshakaa, na bunduki iwe haina risasi.

Vingine ni tochi ya kichwani na ya akiba, filimbi, darubini, simu iliyojaa chaji ambayo iko mfukoni mwa mbele na si ndani ya begi, na katika maeneo ya dubu, kopo la dawa ya pilipili iliyosajiliwa kwa ajili ya dubu. Kopo hilo hurusha wingu hadi umbali wa mita saba au tisa kwa sekunde chache tu. Lining'inizwe mahali ambapo mkono unalifikia bila mwili kugeuka, na ujizoeze kulitoa na kuondoa kizuizi chake kabla ya siku yenyewe. Chakula kiwe kidogo, kisicho na harufu kali, ndani ya mfuko unaofungwa vizuri.

Hatua ya nne: njia ya gizani

Dakika unazotembea kuelekea dunguni kabla ya alfajiri ndizo unapokuwa kwenye usawa mmoja na wanyama, nazo zinastahili uangalifu kuliko zinavyopewa. Wawindaji wengi huzima tochi wasimshtue kulungu. Mimi nashauri uiwashe. Mwanga wa tochi iendayo kwa mwendo wa mtu haumfukuzi kulungu kama inavyodhaniwa, tena huwajulisha wawindaji wengine kwamba wewe ni binadamu.

Macho yakimulika mbele yako, simama. Usikimbilie kukisia ni ya nani kwa rangi yake, kwani rangi hubadilika kwa pembe ya mwanga; tazama kimo chake kutoka ardhini na umbali kati ya jicho na jicho. Sema kwa sauti ya kawaida, ukimpa mnyama nafasi ya kuondoka. Wengi huondoka hapo hapo.

Skanki, mnyama mweusi mwenye mistari myeupe ambaye kwa umbo na tabia yuko karibu na kicheche wa Afrika, hatoi harufu yake bila onyo. Kwanza hupiga ardhi kwa miguu ya mbele, kisha huinua mkia, kisha huupinda mwili ili nyuma yake ikuelekee. Ukiona hatua ya kwanza rudi nyuma polepole, kwa sababu mchirizi wake hufika mita tatu hivi. Aliyerushiwa asihangaike na juisi ya nyanya. Mchanganyiko unaofanya kazi ni lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha magadi ya kuokea na kijiko kidogo kimoja au viwili vya sabuni ya maji ya vyombo, uliotengenezwa wakati huo huo na kutumika mara moja, mbali na macho. Usiufungie ndani ya chupa, kwa maana hutoa gesi na chupa itapasuka.

Katika siku za joto za Septemba, kwenye vilima vyenye mawe vya Pennsylvania na Kentucky, tazama pia unapokanyaga na unapoweka mkono, kwa ajili ya nyoka mwenye njuga mkiani. Baridi inapoingia nyoka hao hurudi kwenye mashimo yao ya majira ya baridi.

Ukifika chini ya mti wako, mulika juu kabla ya kupanda. Anaweza kuwepo nungunungu, rakuni au kundi la bata mzinga waliolala matawini. Nungunungu harushi miiba yake, kinyume cha maneno ya watu, lakini ina ncha zenye vishikizo na hukwama mwilini kwa kuguswa tu, kwa hiyo mgongee mti kwa fimbo, simama pembeni, na umpe muda wa kushuka kwa mwendo wake.

Hatua ya tano: sikiliza wanyama wadogo, kwa kuwa ndio wanaokuletea habari

Hapa ndipo mwindaji anayejifunza anapopata faida kubwa, na ningependa asiwaone viumbe hawa kuwa usumbufu. Kindi wa kijivu akitembea juu ya majani makavu hutoa kelele kubwa ajabu kuliko mwili wake, akienda kwa vishindo vya haraka, kisha kimya, kisha vishindo tena. Kulungu hutembea kwa hatua zenye kupimwa, hatua moja, mbili, tatu, halafu kusimama kwa muda mrefu. Dubu, ingawa ni mzito, ana nyayo laini, na mara nyingi hasikiki mpaka aonekane. Baada ya asubuhi kadhaa sikio hutofautisha mambo haya lenyewe.

Kindi akianza kubweka kwa sauti ya kukwaruza huku akitingisha mkia, angalia kichwa chake kimeelekea wapi, usiangalie kwako tu. Anaweza kuwa amekuona wewe, lakini pia anaweza kuwa amemwona koyote, mwewe, au kulungu anayepita. Ndege wa buluu aitwaye jei hupiga kelele kwa sababu hizo hizo, na huiga mlio wa mwewe kwa ufundi wa kumdanganya hata mtu mzoefu. Kunguru wakikusanyika na kushambulia kilele cha mti mmoja, aghalabu wamemkuta bundi. Kulungu jike akipiga mguu chini na kupuliza pua kwa nguvu, ama upepo umempelekea harufu yako, ama kuna mwindaji mwingine wa miguu minne karibu. Ikiwa anatazama upande usio wako, kaa tayari na utazame anakotazama.

Bata mzinga hushuka kutoka matawini karibu na kuchomoza kwa jua, kwa kishindo cha mabawa kinachowagutusha watu. Macho yao ni makali kuliko ya kulungu, na jicho la mmoja likiona mkono unaosogea, utasikia mlio mfupi mkavu wa tahadhari na kundi lote litaondoka likiwa limewatangazia na wengine. Wakiwa chini yako usisogee hata kidogo. Wakila kwa utulivu, kulungu anayekuja huona kwamba mahali hapo ni salama, na utulivu wao utakuwa umekufanyia kazi.

Ndege wadogo wanaoitwa chikadi huweza kutua juu ya mtutu wa bunduki, juu ya kofia, hata begani. Waache. Bundi ni jambo jingine: katika mwanga hafifu wa alfajiri au machweo, kofia ya manyoya inayosogea kidogo juu ya tawi huonekana kwake kama windo, na wapo wawindaji waliopigwa kucha kichwani kwa namna hiyo. Kofia ya rangi ya machungwa inayong'aa hupunguza uwezekano huo, na majimbo mengi huilazimisha katika msimu wa bunduki kwa usalama wa binadamu. Haimwondoi kulungu, kwani macho yake hayaitofautishi vizuri rangi hiyo na majani. Bundi akikujia, inamisha kichwa na ushike mti, usimpunge kwa mikono miwili.

Hatua ya sita: dubu mweusi

Mwenye upinde wa Septemba na Oktoba ana nafasi kubwa zaidi ya kumwona dubu kuliko mwenye bunduki wa mwishoni mwa Novemba, kwa kuwa katika vuli dubu hula bila kupumzika akijiwekea mafuta, na kaskazini wengi huwa wameingia pangoni theluji inapokaa. Mengi yanayosemwa juu yake ni ya kutisha kuliko alivyo. Dubu mweusi ni mnyama mwenye hofu, na anapokwea mti chini ya mwindaji mara nyingi ni kwa udadisi au kwa kufuata harufu.

Akipita mbali, kaa kimya, umtazame na kushukuru kwa ulichokiona. Akigeuka kuja kwenye mti wako, mjulishe mapema kwamba wewe ni mtu, akiwa bado mita ishirini au thelathini, kwa kusema naye kwa sauti thabiti na kuinua mkono polepole. Kukaa kimya hadi afike chini ya ngazi ni kosa, maana hapo mshtuko wake na wako vitakutana mahali pembamba. Upepo ukiwa unatoka kwako kwenda kwake atasimama, atainua pua, na kwa kawaida ataondoka.

Akisimama kwa miguu ya nyuma anatafuta kuona na kunusa, hajiandai kushambulia. Akipumua kwa nguvu, akigonganisha meno au kuchapa ardhi kwa mkono, anaogopa na anakuomba nafasi; wewe uko juu na huwezi kumwachia nafasi, kwa hiyo endelea kusema kwa utulivu mpaka aondoke mwenyewe. Usishuke kumkimbia. Dubu hukwea na kukimbia kuliko binadamu yeyote, na ngazi ndipo mahali ambapo mikono yako yote miwili ina kazi.

Akianza kupanda, badilisha sauti: piga kelele, piga filimbi, gonga chuma cha dungu. Wengi huteremka. Asipoteremka, toa kopo la pilipili, hakikisha upepo haukurudishii wingu usoni, na mpulizie machoni na puani akiwa karibu, mita tatu au nne chini yako, badala ya kulimaliza kopo akiwa bado mbali. Ukipulizia chini wingu humwangukia, lakini mabaki yake huweza kupanda, hivyo funga macho na ushike mti. Katika hali adimu ya dubu mweusi kumvamia mtu hasa, mtu hupigana, akilenga uso na pua, na hajifanyi amekufa. Risasi ni ya mwisho kabisa, na baada yake askari wa wanyamapori apigiwe mara moja na mzoga usisogezwe.

Watoto wa dubu wakipanda mti ulio jirani na wako, au mti wako wenyewe, hali inataka subira. Mama yao atakuwa chini, na watoto hushuka yeye anapoona pametulia. Usiwarushie kitu, usiwapige picha kwa kujipinda nje ya kiti, na usishuke mpaka wote waondoke. Wanaowinda Montana, Wyoming au Idaho wako pia katika nchi ya dubu aina ya grizli, ambaye kanuni zake ni tofauti, na wanapaswa kujifunza kanuni hizo kutoka kwa idara ya jimbo husika kabla ya kuingia.

Hatua ya saba: mbwa-mwitu, koyote na paka wa porini

Kumtambua mnyama ni wajibu wa kisheria hapa kuliko mahali pengine popote. Koyote ana uzito wa kilo 9 hadi 20 hivi, masikio marefu yaliyochongoka na pua nyembamba. Mbwa-mwitu wa kijivu ana kilo 25 hadi 45, masikio mafupi yenye ncha ya duara, pua pana na miguu mirefu. Unyayo wake hufikia sentimita 10 au zaidi kwa urefu, wa koyote ni 6 au 7. Katika mwanga wa asubuhi, akiwa na manyoya ya majira ya baridi, koyote huonekana mkubwa kuliko alivyo, na mbwa-mwitu mchanga huonekana kama koyote. Usipokuwa na hakika, na hasa ukiwa kaskazini mwa Minnesota, Wisconsin au katika Rasi ya Juu ya Michigan, usifyatue. Naomba msomaji alichukue neno hili kwa uzito, kwa sababu mhamiaji anayeshtakiwa kwa kosa la shirikisho anaweza kujikuta na matatizo makubwa kuliko faini yenyewe.

Mbwa-mwitu wakipita chini yako, kulungu wataadimika kwa saa kadhaa, pengine siku nzima. Wao wenyewe hawana haja na mtu aliye mtini, na sauti ya binadamu huwatosha kuondoka. Milio yao ya jioni husikika kwa umbali mkubwa na huchanganya sikio kuhusu idadi na ukaribu wao. Ikikupata ukiwa unajiandaa kushuka, washa tochi, shuka kwa utaratibu ule ule wa kila siku, na utembee ukiongea.

Paka-mwitu wa mkia mfupi ni mtulivu, mdogo, na hutoweka akikuona. Puma, ambaye makazi yake makuu ni magharibi, huwa na madume vijana wanaosafiri hata kufika majimbo ya katikati. Kwa puma usigeuze mgongo, usichuchumae, usikimbie; jioneshe kuwa mkubwa na sema kwa ukali.

Hatua ya nane: wakubwa wenye pembe ambao si kulungu wako

Kentucky mashariki ina elki waliorudishwa kuanzia 1997, zaidi ya 1,500 wakiletwa kutoka majimbo mengine katika miaka michache, na Pennsylvania pia ina wake. Elki jike huzidi kilo 200, mara tatu ya kulungu jike, shingo yake ni nyeusi kuliko mwili na matako yake ni ya rangi hafifu ya krimu. Makosa hutokea mtu anapoona kipande cha mwili kati ya matawi na kukamilisha kilichobaki kwa matamanio yake. Tumia darubini, kamwe usitumie darubini ya bunduki kutambulia, na subiri uone kichwa na mkia.

Muusi wa Maine na kaskazini mwa Minnesota, mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, ni mrefu kuliko farasi, na dume lake katika msimu wa kupandana, mwishoni mwa Septemba na Oktoba, halina subira. Ukiwa dunguni huna la kuhofia. Kaa hapo mpaka aondoke. Ukimkuta njiani akiwa amelaza masikio na kusimamisha nywele za mgongo, weka mti mnene kati yako na yeye, na kwa huyu kukimbilia nyuma ya mti ni jambo la busara.

Hatua ya tisa: baada ya kufyatua, hadi nyumbani

Damu ya kulungu na matumbo yaliyoachwa chini huwaita koyote na dubu. Unapofuata damu jioni, nenda na mwenzako, tochi mbili, mkiongea. Mkute mnyama wenu, mtoeni matumbo kwa haraka, mkimsogeza kwanza mahali penye mwanya badala ya kichaka kizito. Kumwacha hadi asubuhi kwa kuwa alipigwa vibaya wakati mwingine hakuepukiki, na mkirudi tazameni kwa mbali kwanza. Mzoga uliofunikwa majani na udongo una mwenyewe mpya. Ukimkuta dubu juu ya kulungu wako, mwachie, ondoka bila kumpa mgongo, na umuulize askari wa wanyamapori kibali chako kinahesabiwaje.

Mnyama yeyote akikuuma, au popo akikutwa ndani ya kibanda ulimolala, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo kabla dalili hazijaanza, na zikianza karibu hakuna anayepona. Ikibidi mnyama huyo auawe, asipigwe kichwani, kwa kuwa maabara hupima ubongo.

Mwisho ni kupe. Kupe mwenye miguu myeusi, anayeeneza ugonjwa wa Lyme, huwa na watu wazima wake hai Oktoba na Novemba, siku yoyote ambayo baridi imepungua, na mzoga wa kulungu unaoubeba umejaa wao. Nguo na viatu vitiwe permethrini ya asilimia 0.5 siku moja kabla, zikauke, na dawa hiyo isipakwe kwenye ngozi. Ukifika nyumbani, nguo kavu ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali dakika kumi, kisha uoge na kujikagua kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio na ndani ya nywele, ukisaidiwa na mwenzi au kioo. Kupe aliyeng'ang'ania ashikwe kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja juu bila kusokotwa, na pasipakwe mafuta wala kuwekwa moto. Andika tarehe uliyomtoa. Katika siku 3 hadi 30 zinazofuata, ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi, au homa na maumivu ya viungo yasiyo na sababu, nenda kwa daktari na umweleze tarehe hiyo na jimbo ulilowinda.